Kupasha injini ya ndege ndogo kwenye baridi kali: hewa ya moto, umeme au hanga?

Asubuhi yenye nyuzi 15 chini ya sifuri, chomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini iliyolala nje usiku kucha, kisha kishike wima. Oili ya daraja la 100, ile nzito ya majira ya joto, haidondoki. Inajikusanya nchani, inavimba, inaning'inia kama asali mbichi, na utahesabu mpaka kumi kabla tone halijaachia. Sasa fikiria pampu ikijaribu kuifyonza oili hiyo kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kuisukuma ipite kwenye chujio na kuipenyeza kwenye vinjia vyembamba hadi ifike kwenye beringi, wakati injini yenyewe imeshawaka na inazunguka mara elfu moja kwa dakika.

Sababu hiyo ya kupasha injini inajulikana na kila rubani. Ya pili haizungumzwi sana, nami naiona nzito zaidi. Kasha la injini hizi ni la alumini, na krankshafti inayozunguka ndani yake, ule mhimili mkuu unaozungusha propela, ni ya chuma. Alumini hunywea kwa baridi karibu mara mbili ya chuma: takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, wakati chuma ni kama 12. Piga hesabu. Kwenye tundu la beringi lenye kipenyo cha milimita 60, injini ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, tofauti ya metali hizo mbili inakula karibu milimita 0.03. Ni kidogo mno kwa macho, ila nafasi nzima ya oili kati ya krankshafti na beringi yake nayo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Maana yake unawasha injini ambayo krankshafti yake imebanwa na oili ya kuitelezesha bado iko njiani.

Kwenye silinda mambo yanageuka. Pistoni ya alumini inapata moto wa mwako mara moja na kutanuka, ilhali silinda ya chuma inayoizunguka bado ina baridi ya usiku. Pistoni inajaa kabla ukuta haujampisha, na mikwaruzo inayotokea hapo haifutiki.

Ndiyo maana ninapolinganisha njia za kupasha, naangalia kwanza joto linafika wapi, halafu ndipo naangalia lina ukali gani. Na ndiyo maana oili ya majira yote, 15W-50 au 20W-50, haitoshi peke yake. Inasaidia sana kwenye tatizo la oili kuganda, na haisaidii hata kidogo kwenye beringi iliyobanwa. Anayesema "natumia oili ya majira yote, sina haja ya kupasha" amejibu nusu ya swali.

Baridi ya kiasi gani?

Watengenezaji hawasemi kitu kimoja, kwa hiyo fuata cha injini yako. Kwa injini zake nyingi, Lycoming inataka injini ipashwe ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 12 chini ya sifuri; kwa zile za mfululizo wa 76, kama O-320-H, kiwango ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Continental inaanzia hapo hapo kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, na inaongeza jambo la maana: injini iwe imekaa kwenye baridi hiyo kwa saa mbili au zaidi. Hapa kinachohesabiwa ni joto la injini. Ukitua, ukanywa chai na kuondoka tena ndani ya saa moja, injini iliyofunikwa blanketi vizuri bado ina joto la safari iliyopita.

Hivyo ni viwango vya lazima. Mimi huanza kupasha mapema zaidi, kila injini inapokuwa imelala chini ya sifuri, kwa sababu uchakavu hausubiri mpaka nyuzi 12 ndipo uanze. Unazidi taratibu kadiri baridi inavyozidi.

Kuhusu upepo, watu huuliza sana. Upepo huifanya injini ipoe haraka zaidi, lakini hauwezi kuishusha chini ya joto la hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, injini itaishia nyuzi 5 chini ya sifuri hata kuwe na dhoruba. Upepo unakuwa adui mkubwa pale unapoanza kupasha, maana joto unalomimina kwenye boneti, yaani lile ganda la mbele linalofunika injini, upepo unalipuliza nje.

Hewa ya moto

Hii ndiyo njia inayoonekana kwenye viwanja vingi: mashine inayochoma gesi ya mtungi au mafuta ya taa, feni ndani yake, na bomba nene linalopeleka hewa ya moto kwenye matundu ya boneti. Zipo kubwa za kuvutwa na gari na zipo ndogo za kubeba mkononi, zenye feni inayotumia betri ya volti 12.

Uzuri wake uko wazi. Haihitaji umeme wa ukutani. Haihitaji kufungwa chochote kwenye ndege. Inafanya kazi kwenye ndege yoyote, yako au ya kukodi. Na inafanya kazi haraka: kwa baridi ya kawaida, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano unaondoka.

Haraka hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Hewa ya moto hupasha kinachoguswa na hewa, na kinachoguswa kwanza ni mapezi ya silinda, ambayo yametengenezwa makusudi ili yabadilishane joto na hewa upesi. Katika dakika kumi geji ya joto la silinda inapanda na moyo unatulia. Kumbe krankshafti katikati ya kasha bado imebanwa, oili iliyo chini ya sampu bado ni asali, na rejeta ya oili nayo imeziba kwa oili iliyoganda. Ni joto la danganya toto. Continental inalionya hili waziwazi: injini iliyopashwa juu juu inaweza kuwaka na kuonekana inaenda vizuri, halafu ikaharibika kwa kukosa oili kwa sababu iliyoganda njiani imezuia mtiririko.

Yalinikuta. Nilikuwa na haraka, nikapasha dakika kumi na mbili kupitia matundu ya mbele, silinda zikawa za kushikika kwa mkono mtupu, nikawasha. Injini ilidaka kwa mzunguko wa pili, ikalia vizuri kabisa. Sindano ya shinikizo la oili ikabaki imelala. Nilihesabu mpaka thelathini, nikahesabu tena mpaka arobaini, nikazima. Niliposhuka na kupitisha mkono chini ya boneti, upande wa mbele wa sampu ulikuwa na uvuguvugu. Chujio, kule nyuma, lilikuwa la baridi kama chupa iliyotoka kwenye friza. Tulipasha tena saa nzima, safari hii kutokea chini, na shinikizo lilipanda kabla sijafika kumi.

Kwa hiyo ukichagua hewa ya moto, itumie hivi: bomba lianze chini, kwenye sampu na chujio, na likae hapo kwa sehemu kubwa ya muda, walau robo saa hadi nusu saa. Juu kwenye silinda upeleke joto dakika chache za mwisho, baada ya kuhisi kwa mkono kwamba uvuguvugu umeshapanda. Ziba matundu mengine ya boneti, funika kwa blanketi, acha njia moja tu hewa itokee. Na usiamini geji ya silinda peke yake. Gusa chujio, gusa rejeta ya oili, gusa kasha lenyewe.

Halafu kuna moto wenyewe. Unaweka mashine inayochoma mafuta karibu na ndege yenye petroli, mipira, waya, rangi, na pengine mbawa za kitambaa. Bomba likisogea kidogo na hewa ikaanza kupiga mahali pamoja, mpira wa petroli unaiva, kifuniko cha plastiki kinajikunja, rangi inatoa malengelenge. Mtu asiondoke. Kizimamoto kiwe mkononi, siyo kwenye gari. Mashine ikae upande ambao upepo hautaleta moshi wake kwenye ndege, na kama haitenganishi moshi na hewa inayotoka, usiingize bomba lake ndani ya kabini ukafunga milango: kaboni monoksidi haina harufu.

Hita za umeme zilizofungwa kwenye injini

Huku ndiko wengi wanakohamia, na ni sawa. Ila jina "hita ya umeme" linabeba vitu tofauti sana, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea.

Aina ya kwanza ni pedi moja tu iliyogandishwa kwa gundi chini ya sampu. Ni nyepesi, ni rahisi kufunga, inapasha oili vizuri. Aina ya pili ni seti kamili: pedi ya sampu, vipasha-joto kwa kila silinda, na mara nyingi pedi nyingine kwenye kasha. Kampuni ya Tanis wanajulikana kwa vile vinavyosokotwa kwenye tundu la kipimajoto cha kichwa cha silinda. Kampuni ya Reiff wanajulikana kwa mikanda inayozunguka silinda kwa chini. Marafiki hubishana sana ipi kati ya hizo mbili ni bora. Kwangu tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na tofauti kati ya seti kamili na pedi moja.

Tatizo la pedi moja ni unyevu. Oili iliyokwisha kutumika ina maji kidogo yatokanayo na mwako. Ukipasha sampu peke yake, maji hayo yanageuka mvuke, yanapanda, yanakutana na chuma cha baridi juu na kuwa matone. Kwenye injini za Lycoming kemshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krankshafti, yaani mahali hasa ambapo mvuke unakwenda kutua, na oili iliyoachwa na safari iliyopita imeshachuruzika kutoka hapo. Kutu kwenye kemshafti ni miongoni mwa mambo yanayozifanya injini zifunguliwe kabla ya wakati wake. Kwenye Continental nyingi kemshafti iko chini, hivyo hatari upande huo ni ndogo, lakini kuta za silinda ziko pale pale.

Seti kamili ikiwa chini ya blanketi inapunguza sana shida hii, kwa sababu injini yote inapanda pamoja na hakuna sehemu ya baridi ya kuvutia matone. Hata hivyo haimaanishi uiache imechomekwa msimu mzima. Continental inasema hita iliyofungwa kwenye injini isiachwe ikiwaka zaidi ya saa 24 kabla ya safari. Kuna marubani wanaoacha zao mfululizo na wana hoja zao, ila mimi sioni sababu ya kubahatisha wakati swichi ya kuwashwa kwa simu ipo. Unatuma ujumbe jioni, unakuta injini ya joto asubuhi. Hata saa ya kawaida ya kuwasha na kuzima umeme inafanya kazi, mradi unajua utaruka lini.

Muda ndio bei ya njia hii. Seti ya injini ya silinda nne kwa kawaida inatumia wati mia tatu hadi mia tano hivi, kiasi kidogo kuliko birika la umeme. Kwa joto dogo hivyo unahitaji saa nne mpaka sita, na kwenye baridi kali usiku mzima. Lakini hebu ona usiku huo unakununulia nini: joto linatambaa ndani ya metali, kutoka silinda hadi kasha, kutoka kasha hadi krankshafti, mpaka kila kitu kinakaribiana. Asubuhi ukishika propela kwenye kitovu chake, unakuta chuma chenyewe kina uvuguvugu. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko geji yoyote, maana joto haliwezi kufika pale bila kupita kwenye krankshafti.

Blanketi si pambo. Bila blanketi wati zile zinaishia angani, hasa kwenye upepo, na unaweza kukuta injini imepanda nyuzi chache tu baada ya usiku mzima. Blanketi zuri hufunika boneti yote, linaziba matundu ya mbele na lina mkia unaofika chini kwenye tundu la kutolea hewa. Na kama propela ni ya chuma, ifunike pia. Propela ya alumini imefungwa moja kwa moja kwenye krankshafti. Inafanya kazi kama pezi kubwa la kupozea, linalofyonza joto kutoka mahali hasa unapolitaka libaki.

Mambo ya kuangalia kabla ya kufunga: kwa ndege yenye cheti, seti iwe na kibali kwa aina ya injini yako, ifungwe na fundi mwenye leseni na kazi iandikwe kwenye kitabu cha injini. Pedi inayogandishwa kwenye sampu inahitaji chuma kilichosafishwa mpaka king'ae. Mabaki ya oili yakibaki chini ya gundi, pedi inaachia pembeni, inapata moto kupita kiasi na kuungua. Waya wa ekstensheni uwe mnene na wa kutumika nje, na plagi isilale kwenye theluji inayoyeyuka.

Njia hizi mbili zikiwekwa pamoja

Kwa ubora wa joto lenyewe, seti kamili ya umeme inashinda, na haishindi kwa kidogo. Inapasha polepole na kwa usawa, haichomi mpira wala rangi, na hakuna moto wa wazi karibu na petroli. Hewa ya moto ikitumiwa kwa uvumilivu inaweza kuikaribia, ila uvumilivu huo kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, umesimama nje, ni mgumu kuliko unavyoonekana ukiwa umeketi nyumbani.

Kwa uhuru, hewa ya moto inashinda. Umeme unakufaa pale tu penye umeme, na utajua pengo lake siku utakapolala kwenye uwanja mgeni ambao hauna hata soketi moja kwenye maegesho. Jenereta ndogo ya wati elfu moja inatosha kabisa kwa seti ya silinda nne, lakini itanguruma kwa saa nyingi na itahitaji mtu wa kuiongezea mafuta, kwa hiyo ni suluhisho la dharura.

Faida ya hewa ya moto isiyotajwa sana ni kwamba inapasha na vitu vingine chini ya boneti: mipira, kabureta, betri kama iko huko mbele. Umeme wa kwenye injini haufanyi hivyo sana, ingawa chini ya blanketi joto linasambaa kiasi. Betri ya risasi na asidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inatoa karibu nusu tu ya nguvu yake, wakati huo huo stata inaombwa izungushe injini ngumu kuliko kawaida. Iliyojaa chaji haigandi kirahisi. Iliyoisha inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Kama betri ya ndege yako iko nyuma, kwenye mkia, hakuna njia kati ya hizi itakayoisaidia. Iweke kwenye chaja ndogo, au itoe ulale nayo ndani.

Hita ndogo ya nyumbani na balbu

Nitapita haraka. Ile hita ya seramiki ya kuweka chini ya meza, au balbu ya wati mia moja chini ya boneti, ni njia ya watu wengi wenye subira na bajeti ndogo. Continental inasema hita ndogo za umeme zinazoingizwa kwenye tundu la boneti hazipashi oili kwa kiasi cha maana, na huishia kupasha juu juu. Ndivyo nilivyoona pia. Zaidi ya hapo, vifaa hivi havikutengenezwa kukaa karibu na mvuke wa petroli: hita ina sehemu ya moto na swichi inayotoa cheche, balbu ikipasuka inaacha waya wazi. Kama ndiyo kitu pekee ulicho nacho, baki nacho hapo mpaka mwisho, na usijidanganye kuwa umepasha injini. Umeiondolea ukali wa baridi, basi.

Hanga lenye joto

Ndege iliyolala kwenye hanga, yaani banda la ndege, lenye nyuzi 10 au 15 juu ya sifuri haina haja ya makala hii. Injini yote ina joto moja, betri ina nguvu, grisi ni laini, vifaa vya dashibodi vinaamka mara moja, na mbawa hazina jalidi. Hili la jalidi peke yake lina uzito, maana ndege iliyolala nje inaweza kuwa na injini ya joto na bado isiruhusiwe kuruka mpaka mbawa zisafishwe.

Ila lina mtego mmoja. Ukiitoa ndege yenye joto kwenye theluji inayoanguka, theluji inayeyuka kwenye mbawa, maji yanaingia kwenye bawaba za vidhibiti, kisha yanaganda. Ndege iliyokuwa baridi ingeachwa na theluji ile kavu ikapeperuka. Siku za namna hiyo, ama fungua milango hanga lipoe mapema huku injini ikiwa chini ya blanketi, ama subiri theluji ikate. Kwa anayeruka mara mbili kwa mwezi, gharama ya kulipasha hanga zima kwa ajili ya injini moja sioni ikijilipa. Hanga la baridi lenye soketi ya umeme, seti kamili na blanketi vinakupa karibu yote.

Zamani ilikuwaje? Marubani wa Alaska wa miaka ya 1920 na 1930 walimwaga oili kwenye debe mara tu walipotua, ikiwa bado ya moto, wakalala nayo ndani. Asubuhi waliichemsha jikoni, huku injini imefunikwa hema la turubai na jiko la moto limewekwa chini yake, na mtu amekaa humo ndani akilichunga. Walikuwa wameshaelewa kwamba oili na chuma ni matatizo mawili yanayohitaji joto mawili. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za kijeshi zilichanganya petroli kidogo kwenye oili kabla ya kuzima ili isigande, nayo ilivukiza injini ilipopata moto. Usijaribu hilo kwenye injini ambayo haikutengenezewa.

Ningechagua nini

Una maegesho yako mwenyewe na soketi ya umeme, ndege ni yako, unaruka wakati wote wa baridi: funga seti kamili, nunua blanketi na kifuniko cha propela, weka swichi ya simu. Sina shaka na hili.

Una umeme lakini fedha inatosha pedi ya sampu tu: inunue, lakini iwashe usiku wa kuamkia safari peke yake, na blanketi liwe la lazima. Siku za baridi kali mno ongeza hewa ya moto juu kwa muda mfupi kabla ya kuwasha. Mchanganyiko huo ni mzuri kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu kila kimoja kinapasha kile ambacho kingine hakifiki.

Huna umeme kabisa, au unaruka ndege za kukodi: mashine ya hewa ya moto, kubwa kadiri unavyoweza kupata. Kubwa inamaliza kazi kabla uvumilivu haujakuisha. Jipangie saa nzima kila safari, siyo dakika ishirini.

Una injini ya Rotax 912: vichwa vyake vinapozwa kwa maji na oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, kwa hiyo pedi ya tangi la oili ni sehemu ya lazima ya seti utakayonunua. Na hata ikiwaka vizuri, oili inatakiwa ifike nyuzi 50 kabla ya kupaa.

Siku ya kuwasha

Kuigusa propela wakati wa kupasha ni jambo la kawaida, basi ihesabu kuwa iko hai kila mara. Magneto, kifaa kinachozalisha cheche za kuwashia injini, haihitaji betri. Waya wake wa kuzimia ukiwa umekatika, silinda moja yenye mvuke wa petroli inatosha kuizungusha, na injini uliyoipasha vizuri inadaka kirahisi kuliko ya baridi. Hakikisha swichi imezimwa, mchanganyiko wa petroli na hewa umefungwa, magurudumu yamezuiwa, na wewe umesimama nje ya njia yake.

Usipampu petroli kupita kiasi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi, kwa hiyo nyingine inachuruzika hadi kwenye kabureta, na injini ikirudisha moto hapo ndipo moto wa ndege huanzia. Ikidaka mizunguko michache ikazima, usiendelee kuitesa stata: maji ya mwako yameganda kwenye ncha za plagi, na hakuna cheche itakayopita kwenye barafu. Rudisha hita.

Ikiwaka, macho yawe kwenye shinikizo la oili. Vitabu vingi vinaruhusu nusu dakika kwa hali ya kawaida na takriban dakika moja kwenye baridi kali. Ikipita hapo, zima. Iache itulie kwenye mzunguko mdogo mpaka geji ya oili ianze kusogea. Na kabla hujapanda, piga magoti uangalie bomba la kupumulia la kasha la injini, lile linalotokeza chini ya boneti. Unyevu unaotoka humo huganda mdomoni mwake, na bomba likiziba, shinikizo la ndani linasukuma sili ya mbele ya krankshafti mpaka inatoka, oili yote ikafuata huko huko angani. Mabomba mengi yana kitundu cha akiba juu kidogo, ndani ya boneti ambako kuna joto. Kitafute kwenye ndege yako, na uhakikishe blanketi, gundi au tope halijakiziba.